Mwanza na London: Hesabu ya Siku Kumi

Vijana wengi wa rika langu hapa Mwanza wanaamini kwamba mji wetu ulianza kujuana na ndege juzijuzi tu, enzi hizi za safari za kwenda Dar es Salaam asubuhi na kurudi jioni. Shuleni hakuna aliyetufundisha vinginevyo. Lakini historia ina vituko vyake. Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya ndege ya Kiingereza iliyoitwa Imperial Airways ilifungua safari ya kila wiki kutoka London kuja Afrika. Mwisho wa safari ile haukuwa Nairobi. Haukuwa Dar es Salaam wala Cape Town. Mwisho wake ulikuwa Mwanza.

Naam, msomaji, umesoma sawasawa. Kwa muda wa miezi kadhaa jina la Mwanza lilikaa kwenye ratiba moja na jina la London, huku mwanzo na huku mwisho, kama ncha mbili za kamba moja.

Katika kurasa hizi chache nataka kuifanya upya hesabu ya umbali kati ya miji hii miwili. Sifanyi hivyo ili tujivune vijiweni kwamba na sisi tulikuwapo. Naifanya kwa sababu kila nikiipiga hesabu hii napata jibu ambalo ramani hailijui.

Tuanze na hiyo ramani. Ukichukua tufe la dunia, ukavuta uzi kutoka Mwanza mpaka London bila kupinda, utapata kilomita zipatazo 6,750. Ndivyo ilivyo leo, ndivyo ilivyokuwa mwaka 1931, na ndivyo ilivyokuwa kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa. Mwanza haijasogea, na London nayo haijasogea. Sasa ni nini hiki ambacho watu husema kimesogea wanaposema dunia siku hizi imekuwa ndogo?

Wazee wetu hawakupima njia kwa maili. Walisema, "Huko ni mwendo wa siku mbili," na kila mtu akaelewa. Siku yenyewe ilikuwa ni ya miguu, ya jua, ya mahali penye maji na mahali pa kulala. Mzungu John Hanning Speke aliondoka Tabora, ambako wakati ule waliita Kazeh, mapema mwezi Julai 1858, akamwacha mwenzake Burton akiwa mgonjwa. Tarehe 3 Agosti akasimama juu ya kilima karibu na Mwanza, akaliona ziwa na kulipa jina la malkia wake. Wiki tatu na ushee kutoka Tabora! Henry Morton Stanley naye alitoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, akafika Kageye, kwenye ufuko wa ziwa mashariki ya Mwanza, tarehe 27 Februari 1875. Mwenyewe alihesabu siku 103.

Siku hizo 103 zimeandikwa vitabuni kwa jina la Stanley, lakini walioziumia hasa ni wapagazi. Mashua yake, Lady Alice, ilikatwa vipande ikabebwa na watu kutoka pwani, ikaja kuungwa hapa ziwani. Kwa hiyo ukiniuliza Bagamoyo ilikuwa umbali gani na Mwanza mwaka 1875, nitakujibu kwamba inategemea kichwani umebeba nini.

Baadaye ikaja reli. Mwaka 1901 reli ya Uganda iliyoanzia Mombasa ilifika Kisumu, na meli za ziwani zikaanza kuunganisha bandari za pande zote. Hapo kikatokea kichekesho ambacho wachache hukikumbuka. Mwanza ilikuwa chini ya Wadachi, lakini njia yake rahisi ya kwenda baharini ikapita nchi ya Waingereza: unapanda meli mpaka Kisumu, unapanda treni mpaka Mombasa. Dar es Salaam, mji mkuu wetu wenyewe, ilikuwa mbali zaidi kwa miguu kuliko Mombasa kwa chombo. Reli ya kutoka Tabora ilikuja kufika Mwanza mwaka 1928, Waingereza wakiwa wamekwisha kuitwaa Tanganyika. Zile wiki tatu na ushee za Speke zikageuka safari ya usiku mmoja au siku moja hivi, kiasi cha kilomita 379.

Miaka mitatu tu baada ya treni, ikaja ndege. Sasa hebu tuitazame safari yenyewe.

Ndege iliondoka uwanja wa Croydon, kusini ya London. Lakini usidhani ilikwenda moja kwa moja. Wakati ule Uingereza na Italia hazikuwa zimeelewana kuhusu ruhusa za kupita angani, kwa hiyo kipande kimoja cha Ulaya kilikwenda kwa treni! Kisha ndege tena mpaka Ugiriki, kuvuka bahari mpaka Alexandria, treni tena mpaka Cairo, ndege nyingine ya nchi kavu mpaka Khartoum. Kutoka Khartoum wakabadilisha chombo kwa mara nyingine. Safari hii kilikuwa ni ndege ya majini, aina ya Short Calcutta, yenye mabawa mawili yaliyopandana, injini tatu, na tumbo kama la mtumbwi. Ilifuata Mto Nile kama mtu anavyofuata barabara, ikitua Malakal, Juba, kisha Port Bell upande wa Uganda, kisha Kisumu, na mwisho ikashuka kwenye maji ya Mwanza.

Kwa nini Mwanza? Sababu ni maji. Chombo kile hakikutaka uwanja, kilitaka maji mapana, na ziwa letu lina eneo la karibu kilomita za mraba 69,000. Kutoka Nile unaingia ziwani, unalivuka kwenda kusini, na mahali maji yanapoishia ndipo palipo Mwanza. Hakuna aliyekaa London akasema, "Watu wa Mwanza wanahitaji kufikiwa." Mwanza ilichaguliwa kama mtu anavyochagua jiwe la kukanyagia anapovuka kijito.

Safari nzima ilikuwa maili zipatazo 5,000, yaani kilomita 8,000 kwa kona zake zote, na ilichukua siku 10 hivi. Hapa ndipo hesabu inapoanza kunipa raha. Chombo kama Calcutta kilikwenda maili 90 na kitu kwa saa. Hebu chukua 5,000 ugawe kwa 90. Utapata saa 55 na ushee. Hiyo ni siku mbili na robo tu! Siku nyingine saba na zaidi zilikwenda wapi?

Zilikwenda kwenye kungoja. Usiku ndege hazikuruka, watu wakalala. Mafuta yalitiwa, mifuko ya barua ikapakuliwa na kupakiwa, treni zikangojwa, upepo mbaya ukangojwa upite. Kwa hiyo hata mwaka ule wa 1931, katika siku 10 za njiani, mwendo ulikuwa sehemu ndogo. Sehemu kubwa ilikuwa ni kukaa na kusubiri. Naomba msomaji uishike hoja hii, tutairudia.

Na ndani ya ndege ile mlikuwa na nini? Mlikuwa kwanza na barua. Hii ilikuwa njia ya posta ya dola. Barua ya ofisa wa serikali, ya mfanyabiashara wa pamba, ya mmisionari, ambayo kwa meli ya baharini kupitia Suez ilichukua wiki nyingi, sasa ilifika kwa siku 10. Gharama yake haikulipwa na stempu peke yake. Serikali za makoloni yaliyopitiwa na njia ile, Tanganyika ikiwamo, zilichangia ruzuku. Na hazina ya Tanganyika, pamoja na mapato mengine, ilijazwa na kodi ya nyumba na kodi ya kichwa. Sasa we fikiria mkulima wa pamba wa Usukuma mwaka 1931, bei ya pamba imeporomoka kwa sababu ya ule mdororo wa uchumi wa dunia, naye kodi anadaiwa palepale. Sehemu ya shilingi yake imesaidia kuileta London karibu na Mwanza. Yeye mwenyewe akitaka kwenda Shinyanga, anatembea.

Simlaumu rubani wala tarishi. Ninachosema ni kwamba zile siku 10 zilikuwa na wenyewe.

Jambo hili lilionekana wazi upesi sana. Mwezi Desemba mwaka uleule 1931 kampuni ilijaribu kuisogeza njia mpaka Cape Town kwa ajili ya barua za Krismasi. Tarehe 20 Januari 1932 njia ya posta ya London hadi Cape Town ikafunguliwa rasmi, na tarehe 27 Aprili abiria wakaanza kuchukuliwa. Safari ilitangazwa kuwa ya siku 10. Siku 10! Zilezile ambazo mwaka mmoja nyuma zilikuwa zikiishia Mwanza, sasa zikafika mwisho wa bara.

Mwanza je? Njia mpya kutoka Kisumu iligeukia Nairobi, kwenye makao ya walowezi na ofisi kubwa, kisha ikashuka Dodoma, Mbeya, mpaka Broken Hill, mji ambao leo unaitwa Kabwe. Sisi tukabaki pembeni. Ilipofika mwaka 1937 zikaletwa ndege za majini kubwa zaidi kutoka Southampton mpaka Durban. Nazo zilitua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, hata Lindi. Mwanza, mji uliokuwa mwisho wa njia miaka sita tu kabla, haukuwemo. Waswahili walishasema, asiyekuwepo na lake halipo. Pale njia zilipopangwa hatukuwepo.

Miaka 50 ikapita. Vita vikaja vikaenda, uhuru ukapatikana mwaka 1961, shirika la ndege la Afrika Mashariki likazaliwa na kufa, na mwaka 1977 nchi ikaanzisha shirika lake, Air Tanzania. Mwanza sasa ilikuwa na uwanja na ndege ya kwenda Dar, kilomita zipatazo 850 kwa njia ya anga, saa moja na nusu hivi badala ya karibu siku mbili za treni. Ndipo likatokea jambo ambalo mtunzi wa riwaya angeogopa kuliandika, maana wasomaji wangesema katia chumvi.

Tarehe 26 Februari 1982, ndege ya Air Tanzania aina ya Boeing 737 iliruka kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam. Dar haikufika. Vijana waliokuwa ndani waliiteka, wakidai Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Wakaipeleka Nairobi, kutoka hapo Jeddah, kutoka hapo Athens, na mwisho ikatua Stansted, kaskazini ya London. Oscar Kambona, waziri wa zamani aliyekuwa uhamishoni Uingereza tangu mwaka 1967, alishiriki kuzungumza na watekaji. Wakajisalimisha tarehe 28 Februari 1982.

Tazama tarehe hiyo, msomaji. Februari 28, siku ileile ambayo ndege ya kwanza ya njia ya Mwanza ilitoka Croydon, miaka 51 baadaye. Na tazama njia: ilipita Ugiriki, kama ile ya mwanzo, ila sasa kinyumenyume. Ni bahati nasibu tu, sitaki kuifanya ndoto ya mganga. Lakini inafundisha. Wale abiria wa Mwanza waliofika London kwa siku mbili, karibu mara tano upesi kuliko barua ya mwaka 1931, mifukoni walikuwa na tiketi za Dar es Salaam. Kuna waliokuwa wakienda kazini, wengine kuona ndugu. Walifikishwa Ulaya bila kuombwa ridhaa, kwa hofu, na kosa lao ni kupanda ndege siku ile.

Mara ya tatu ilikuwa ni zamu ya samaki. Sangara alipandwa katika ziwa hili miaka ya 1950 na 1960, akawala wenzake, akaongezeka. Miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikashamiri Mwanza, na ndege kubwa za mizigo zikawa zinatua na kuondoka na minofu kwenda Ulaya. Sisi tuliokulia karibu na uwanja tulizijua kwa ngurumo zake, sahani zinatetemeka kabatini. Sangara aliyevuliwa ziwani wiki hii aliliwa mezani Ulaya kabla wiki haijakwisha. Mwaka 1999 Ulaya ilipofunga mlango kwa muda kwa madai ya usalama wa samaki, mji mzima uliyumba, tukajua jinsi tulivyokuwa tumefungwa kamba na meza za mbali. Minofu ilipanda ndege. Kichwa na mifupa, yaani mapanki, vilibaki kwetu, vikakaangwa vikauzwa mitaani.

Basi tukihesabu: mara tatu Mwanza imekuwa karibu kabisa na Ulaya. Mara ya kwanza zilisafiri barua za wakubwa, mara ya pili abiria waliotekwa, mara ya tatu minofu. Katika mara zote tatu simwoni mtu wa Mwanza aliyesimama dirishani akasema, "Naomba tiketi ya London," akapewa.

Na leo? Leo ukiipiga ile hesabu kwa ndege ya kisasa, kilomita 6,750 kwa mwendo wa kilomita 850 kwa saa, unapata saa nane. Kwa kuwa abiria wa Mwanza kwa kawaida hubadilisha ndege Dar es Salaam na pengine tena katika mji mwingine, weka siku nzima. Siku moja dhidi ya siku 10! Watu wa maendeleo watapiga makofi.

Lakini nilisema tutarudi kwenye kungoja. Mtu wa Mwanza anayetaka kwenda London anaanza na viza. Anajaza fomu, anatafuta taarifa za benki, barua ya mwajiri, barua ya mwaliko. Anasafiri mpaka Dar es Salaam kuweka alama za vidole, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, basi linatoka alfajiri. Kisha anangoja. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jibu likiwa hapana, nauli ya basi hairudi wala ada hairudi. Ukijumlisha yote hayo, barua ya mwaka 1931 ilikuwa na mbio kuliko mtu wa leo.

Haya siyasomi vitabuni tu. Mwaka 2019 bibi yetu, mzaa mama, alifariki huko Magu. Dada yangu mkubwa alikuwa Uingereza, kazi yake kuwatunza wazee wa watu, kuwaogesha na kuwalisha. Simu ilimfikia hata kabla ya majirani wa ng'ambo ya barabara hawajajua. Nauli tungechanga, wajomba walikwisha kuahidi. Tatizo lilikuwa makaratasi. Ombi lake la kuongezewa muda wa kuishi kule lilikuwa bado ofisini, na sheria ya kule inasema ukitoka nje ya nchi kabla ya kujibiwa, unahesabiwa umelifuta ombi mwenyewe. Angekuja kuzika, asingerudi kazini, na kazi ile ndiyo iliyokuwa ikimnunulia bibi dawa.

Tulizika kesho yake saa tisa alasiri. Binamu yetu mmoja alinyoosha mkono na simu juu ya vichwa vya watu ili dada aone kaburi. Mtandao ukakatika wakati udongo unaanza kutiwa. Jioni, watu wamepungua, nikajaribu kumfariji mama kwa kumwambia kwamba siku hizi London si mbali, dada atakuja tu. Mama akanitazama. "London si mbali, mwanangu," akasema. "Dada yako ndiye yuko mbali."

Nimesoma mambo mengi ya historia ya usafiri, lakini sijakutana na maelezo ya umbali yanayozidi hayo. Mji hauwi mbali au karibu wenyewe. Mtu ndiye anawekwa mbali au karibu, na anayemweka ni yule mwenye ratiba, mwenye muhuri, mwenye fedha.

Kwa hiyo nina ombi kwa vijana wenzangu wa kanda hii ya ziwa. Tunaishi katika kipindi cha ujenzi. Juni 2021 liliwekwa jiwe la msingi la kipande cha Mwanza hadi Isaka cha reli mpya. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, urefu wa kilomita 3, na pale tulipokuwa tukikaa foleni ya kivuko saa nzima au zaidi, gari linapita kwa dakika chache. Mimi nalifurahia daraja lile kwa dhati, maana juu yake nawaona wanaovuka: mama na ndoo ya dagaa, mgonjwa anayewahishwa hospitali, mwanafunzi na begi lake. Hapo umbali umepungua kwa watu wenyewe.

Tuvipime na vyombo vingine vyote kwa kipimo hicho. Tukiambiwa kesho kwamba njia mpya ya anga imefunguliwa na Mwanza iko saa kadhaa tu na mji fulani wa mbali, tusikimbilie kupiga vigelegele kabla ya kwenda kuangalia mlangoni. Tuangalie nani anapanda, na kama wa kwetu aliyeko kule anaweza kupanda kurudi siku ya msiba wake.